Waliokandika Madirisha ya Kilabu

Nilikuwa nimeshika kata, namimina pombe kwenye kopo la Mzee Ngoda, ndipo pumzi ikakataa. Kukohoa nilishazoea, siku ile sikukohoa. Nilifungua mdomo nivute hewa, hewa haikuingia. Nikavuta tena. Kifua kikapanda kikabaki hukohuko juu, kama mtu aliyejitwisha mzigo akakosa pa kuutua. Kata ikaniponyoka, pombe ikamwagikia watu miguuni, na wa kwanza kusema neno alisema, "Leo Mama Asha kalewa." Wakacheka. Mimi pombe sinywi na wote walijua, ndiyo maana walicheka.

Mlango nilikuwa nauona. Mvua ya masika ilikuwa inapiga mabati hata jirani humsikii, na Kibwana, mgambo wetu, alikuwa ameufunga mlango kwa ndani akaweka gogo. Watu walikuwa wametoka shamba la kijiji wamelowa, wamebanana humo ndani, huyu na kiko, yule na msokoto wa gazeti, na moshi ulikuwa umeshuka toka juu mpaka usawa wa vifua vyao. Nilipiga hatua mbili tatu, nikashika bega la mtu, sijui nani, kisha nikawa chini. Huko chini ndiko nilikopata pumzi kidogo. Nililaza shavu kwenye sakafu iliyolowa pombe nikawa navuta kile kihewa kilichobaki kati ya miguu ya watu.

"Kibwana, fungua," nilimsikia Mzee Ngoda. "Mke wa mtu anatufia hapa."

Kibwana akajibu kwamba mvua itaingia.

Sijui walibishana kwa muda gani. Mwisho Mzee Ngoda aliliondoa lile gogo mwenyewe, akanibeba, mzee mwenye umri wa baba yangu, akanilaza kwenye matope chini ya mvua. Kiko chake kilikuwa bado kinafuka mdomoni. Ningependa mjue hilo, kwa sababu watu ninaowataja humu ni watu wangu, na walionitoa ndio haohao walioniweka ndani.

Sasa nianze mwanzo. Kuandika nimejifunzia ukubwani, darasa la watu wazima, kwa hiyo nitakapopinda mtanivumilia.

Kabla ya vijiji tulikaa mbalimbali huku upande wa Kwedizinga, kila mtu na shamba lake na njia yake ya maji. Tukahamishwa, tukapangwa mistari karibu na njia iendayo Mkata. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Shule ilikuja karibu, na mimi niliyekuwa sina hata jirani wa kuazima moto nikapata majirani kushoto na kulia. Kila kaya ilipewa kazi yake. Kaya hii matofali, kaya ile mbuzi wa kijiji, nyingine duka. Kaya yetu ilipewa kilabu cha pombe. Sababu ni mimi. Mimi ni Mshambaa wa Korogwe niliyeolewa na Mzigua, na mama yangu alikuwa fundi wa dengelua, pombe ya miwa. Miwa unaitwanga, unaikamua, maji yake unayaacha yachachuke. Motoni haiendi. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna mtu ataniambia ni moshi wa kuni ulioniua kifua. Hapana. Kuni zangu nilizipikia uani, juu yangu kuna mbingu.

Kilabu chenyewe kilijengwa vizuri. Mabati, kuta nene za udongo, mabenchi ya magogo, na madirisha mawili kila upande. Upepo ulikuwa ukiingia huku ukitokea kule. Watu walivuta tangu siku ya kwanza, na sikuwahi kuona tabu. Hata harufu ya kiko niliipenda, kwa sababu mama mkwe wangu anavuta kiko, na nyumba ya mama mkwe wangu ndiyo iliyonipokea nikiwa binti wa watu nisiyejua hata kusalimia kwa Kizigua.

Kilichotuharibia ni shamba la kijiji. Sheria ilikuwa kwamba pombe isiuzwe mpaka rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti ofisini igongwe, yaani kazi ya shamba imekwisha. Lakini nani asiyewajua wanaume wa kwetu? Walikuwa wakiomba ruhusa ya kwenda haja, wanazunguka kwa nyuma, mkono unaingia dirishani na kibuyu. "Mama Asha, nipoze koo tu, jua limenila." Nikikataa walinisihi kwa majina ya watoto wangu. Wakati mwingine dirisha la kaskazini lilikuwa na foleni kuliko shamba.

Katibu wa kijiji, Ndugu Semkuyu, akawakamata. Ndugu Semkuyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana wa shule, anajua kuongea, na alitaka kijiji chetu kitajwe wilayani kwa mema. Akaitisha kikao, humohumo kilabuni, kwa kuwa ndipo penye paa kubwa. Akasema madirisha yale ndiyo tundu linalovujisha nguvukazi ya kijiji. Watu wakapiga makofi. Wale wenye mikono ya kibuyu walipiga makofi kuliko wote. Ikapitishwa madirisha yote yafungwe, ubaki mlango mmoja wenye mgambo.

Fundi wa kijiji aliyepewa kazi ile alikuwa Mhina, baba wa Asha, mume wangu. Alisuka fito, akakanyaga udongo na majani, akakandika. Ilikuwa kazi nzuri. Baba Asha akikandika ukuta, hata mchwa anauliza njia.

Hivyo ndivyo kilabu kilivyogeuka chungu kilichofunikwa, na mimi ndani yake kila jioni.

Mwanzoni ni macho tu yaliyowasha. Nikirudi nyumbani mama mkwe alikuwa akininusa kitambaa cha kichwa na kunitania, "Mwanangu, umeniibia kiko?" Tukacheka. Kiangazi kilipoingia nikaanza kukohoa asubuhi. Nikatema, nikaona makohozi yana rangi ya maji ya masizi. Wakati wa vuli nikawa nasimama katikati ya kupanda mahindi nishike kiuno nipumue. Nilikuwa mtu wa kuimba nikitwanga miwa. Sauti ikakauka, ikawa kama ya jogoo mzee, na majirani waliozoea kuniitikia toka nyua zao wakaacha, maana hapakuwa na cha kuitikia.

Mwili nao ukaanza kunihama. Mifupa ya shingo ikatokeza, mabega yakapanda karibu na masikio, yakakataa kushuka. Sikuweza kupuliza moto. Mtu mzima, mke wa mtu, napiga magoti mbele ya mafiga naita mtoto aje anipulizie. Kulala chali nikashindwa, ubavu nikashindwa, nikawa nalala nimekaa.

Hapo nimsemee ukweli wake Baba Asha. Alipoona nimekaa nimeegemea ukuta nasinzia na kichwa kinaanguka, alipanda kitandani akakaa nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, akasema, "Niegemee mimi, ukuta una baridi." Tukalala hivyo. Asubuhi shingo yake ilikuwa imekakamaa anaenda shambani kama mtu aliyebeba ndoo. Tulilala hivyo tangu vuli mpaka masika. Watu wana mapenzi ya kila namna, mimi yangu yalikuwa mgongo.

Maneno ya kijiji hayakukawia. Kukohoa na kukonda, wakasema ni kifua kikuu. Shemeji yangu Rajabu, mkubwa wa Baba Asha, mtu wa swala tano, alikuja akakaa mlangoni asiingie. Alisema pombe ina laana yake na aliyeishika inamshika. Nilimwambia kazi ile nilipewa na kijiji, sikuiomba. Akasema hata hivyo. Tangu siku hiyo watoto wake hawakuja tena kula kwangu, na mimi nikatengewa kikombe, kile chekundu chenye rangi iliyobanduka. Hakuna aliyeniambia ni changu peke yangu. Nilikiona tu kimewekwa kando, kila siku kando.

Mama mkwe ndiye aliyekataa. Alikichukua kikombe chekundu mbele ya Rajabu, akanywea maji, akakirudisha. "Nikifa," alimwambia mwanawe, "utasema mama aliuawa na kikombe."

Na huyo mama mkwe, kwa mapenzi hayohayo, akaniongezea ugonjwa. Alichemsha majani, akanifunika blanketi niufukize mwili, sawa, mvuke ulinisaidia. Lakini wazee wa kwetu wanaamini tumbaku inalegeza kifua. Basi bibi wa watu alikaa pembeni, anavuta kiko chake, kila mara anainua pindo la blanketi ananipulizia moshi humo ndani huku anaomba kwa Kizigua. Nilikuwa nakohoa mpaka natapika. Akawa anafurahi, anasema, "Unaona? Kinatoka."

Na jioni narudi kilabuni. Mtu atauliza kwa nini. Kwa sababu kaya isiyofanya kazi yake iliitwa kaya inayopinga, na kwa sababu ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka ule wa unga wa njano tuliouita unga wa Yanga, na unga ulikuwa unagawiwa kwa mkono wa kijiji. Nani angekataa?

Ndipo ikaja siku ile ya mvua niliyoisema.

Asubuhi yake walinifunga kwenye kitanda cha kamba wakanibeba hadi Mkata kungoja basi. Tuliweka kitanda kando ya barabara kuu, mbele ya wauza mihogo. Basi la kwanza likasimama, utingo akashuka, akanitazama, akamuuliza Baba Asha mgonjwa anaumwa nini. Baba Asha hakujua kusema uongo. Akasema kifua. Utingo akapanda akapiga bati, basi likaondoka. La pili vivyo hivyo. Mama mmoja muuza mihogo alikuja akanipepea kwa jani la mgomba, akaacha biashara yake, watu wanakuja wanauliza bei hawajibu. Simjui jina mpaka leo. Mwisho ni dereva wa lori la mkonge, anarudi Korogwe gari tupu, aliyesema nipandishwe. Alinikalisha mbele, akateremsha vioo vyote viwili. Nilipigwa na upepo uso mzima, mpaka Segera, mpaka Korogwe, machozi yananitoka na siyafuti. Sijawahi kula kitu kitamu kama upepo ule.

Hospitalini Korogwe niliwekewa mpira wa hewa puani, nikachomwa sindano ya mshipa taratibu sana, nesi anaisukuma huku ananitazama usoni. Moyo ulikimbia, mikono ikatetemeka, kisha yale mabega yangu yakashuka. Nilisikia kabisa yanashuka. Nililala chali, kwa mara ya kwanza tangu vuli.

Baada ya hapo niliwekwa wodini mpaka wakaridhika nami, halafu nikawa nakaa kwa mama yangu hapo Korogwe, natembea kwenda kuchomwa sindano na kurudi. Mwenye ugonjwa kama wangu nataka umjue rafiki yako wa kwanza, naye ni benchi. Unakaa mwisho wa benchi, akiitwa wa mbele mnasogea wote pamoja, makalio yanaburuzika, mpaka zamu yako. Mnajuana kwa vikohozi. Nilizoeana pale na mzee wa Kimasai wa huko nyika za Handeni, aliyekuja na mkewe anayeumwa macho. Alikuwa na kibweta cha ugoro shingoni. Siku ya kwanza alinikaribisha, nikamwambia kifua changu hakitaki. Tangu siku hiyo, kila nilipofika alisimama akaenda kunusa ugoro wake nje, kwenye jua, akarudi kukaa. Hatukuongea zaidi ya salamu. Wala ugoro hauna moshi, hakuwa na haja ya kutoka. Alitoka tu.

Makohozi yangu yalipimwa, yakapimwa tena. Daktari akaniita na Baba Asha. Akasema hakuna kifua kikuu. Nilitaka kupiga vigelegele, sauti haikuwepo. Kisha akauliza kama navuta sigara. Nikasema sijavuta hata siku moja. Mume? Havuti. Akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akauliza ndani mnakaa watu wangapi, wanavuta nini, moshi unatokea wapi.

"Mlangoni," nikasema. "Mlango ukiwa wazi."

"Madirisha je?"

"Yamekandikwa."

Aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mama, dawa ninayo na nitakupa. Lakini ukirudi mle ndani, mimi na wewe tutakuwa tunachota maji kwa tenga."

Baba Asha alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikugeuka. Tulitoka, tukakaa chini ya ukuta wa hospitali, akanimenyea chungwa, akanipa, hakula. "Ile kazi niliifanya mimi," akasema.

Nikamwambia najua, nilikuwepo.

Nilimkasirikia na nilikuwa nakula chungwa lake. Nadhani ndoa nyingi ziko hivyo.

Alirudi kijijini. Habari iliyofuata niliipata kwa mama mkwe alipokuja kunitazama, kanga kichwani, kuku kwapani. Alinisimulia huku anapiga mapaja. Kumbe Baba Asha alifika, hakwenda hata nyumbani, alichukua mtaimbo akatoboa ukuta wa kilabu pale palipokuwa dirisha la kaskazini, tundu la kupitisha kichwa. Kibwana akamkamata. Katibu akamuuliza nani kamruhusu, akajibu kwamba ni mke wake. Watu wakacheka sana. Kisha akaamriwa alizibe kwa mikono yake, mbele ya watu, naye akaliziba.

"Kaliziba?" nikauliza.

"Kaliziba, mwanangu. Angefanyaje? Lakini safari hii kakandika vibaya. Mimi nimemzaa, najua akikandika vibaya makusudi."

Kisha nikamweleza mama mkwe aliyosema daktari. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anajaza kiko. Akakitazama, akanitazama, akainuka akatoka nje kukivutia huko. Mvua ilikuwa inanyunya. Nilimwona kupitia mlangoni, bibi kizee amechuchumaa chini ya upenu na kanga kichwani, moshi unaenda zake. Tangu siku ile hadi leo hajavuta tena kiko penye paa nilipo mimi. Hakuniomba radhi na sikumdai. Mtu akikaa mvuani kwa ajili yako, unataka aseme nini tena?

Nilirudi kijijini mahindi ya vuli yakiwa magotini. Nilitembea toka njia kuu hadi nyumbani kwa miguu yangu, napumzika kila penye mti, lakini kwa miguu yangu. Majirani walitoka. Rajabu naye alikuja, safari hii akaingia mpaka ndani, akala kwenye sahani moja nami. Nilimsamehe nusu.

Jioni Asha hakuwepo. Nikauliza, wakaanza kuangaliana. Alipoingia, binti yangu ambaye alikuwa ndio kwanza amevunja ungo nilipokuwa naanza kukohoa, aliinama kunishika miguu, shikamoo mama, na kitambaa chake cha kichwa kikapita mbele ya pua yangu. Harufu ile siwezi kuikosea. Kisha akageukia pembeni akakohoa kidogo, mkono mdomoni, kwa adabu.

"Nani kakupeleka kilabuni?"

"Kikao, mama. Walisema kaya yetu ndiyo ya kilabu, na wewe hupo."

Baada ya lile tundu walimwambia Baba Asha achague: binti ashike kata, au kaya ihesabiwe inapinga. Alikuwa na watoto wengine wa kulisha.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa Ndugu Semkuyu. Alinikaribisha kwa heshima, akaniletea kiti mwenyewe, akauliza hali. Nilimwambia maneno ya daktari yote. Alisikiliza, anatikisa kichwa kwa huruma. Naamini ilikuwa huruma kweli.

"Mama Asha," akasema, "mimi peke yangu sina uwezo. Madirisha yalifungwa na kikao. Yatafunguliwa na kikao."

"Kikao ni lini, Ndugu Katibu?"

"Jumamosi."

"Wapi?"

"Palepale. Kilabuni."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania, wala hakuona kitu.

Jumamosi nilikwenda. Watu walikuwa wamejaa tangu mapema, wanavuta, wanangoja. Nilipofika kizingitini ule moshi ukanipokea, kifua kikafunga mlango wake. Nilirudi nyuma nikasimama uani na kanga mdomoni. Nilimtuma Baba Asha aseme kwa niaba yangu. Nilimsikia akiongea, akaambiwa yeye ana kesi ya tundu, hawezi kuwa msemaji. Mzee Ngoda akasimama akasema yeye ndiye aliyenibeba, na kwamba hata yeye siku hizi anakohoa, madirisha yafunguliwe. Mtu akamwambia aache kiko basi, watu wakaangua kicheko. Katibu akauliza mwenye hoja yuko wapi. Akaambiwa yuko nje. Akasema utaratibu ni kwamba asiyehudhuria hana hoja. Jambo likaahirishwa mpaka kikao kijacho. Kikao kijacho kikawa vivyo hivyo, na mimi uani.

Aliyemtoa Asha ni mama mkwe. Hakungoja kikao. Alimfungia nguo kwenye kanga, akampandisha basi Mkata, akampeleka kwa mama yangu Korogwe, akarudi na kutangaza njia nzima kwamba mjukuu wake ameenda kujifunza kushona na mwenye neno aje aseme naye. Hakuna aliyekwenda. Asha sasa hakohoi. Ana mchumba, fundi wa baiskeli, na ninasikia havuti.

Kaya yetu ilinyang'anywa kilabu tukapewa matofali. Nami naishi. Sipandi kilima, sipulizi moto, sicheki sana maana kicheko kikizidi kinageuka. Baridi ikija ya Juni nakaa na vidonge vyangu karibu, na zikizidi siku mbaya tunarudi kulala mgongo kwa mgongo. Wewe unayeanza kukohoa sasa, mwenye kazi kama yangu, usingoje makohozi yaje na rangi. Kaa karibu na mlango. Wakikwambia ni laana, nenda ukapimwe. Wakikupulizia tumbaku kwa mapenzi, wabusu mikono, tumbaku uikatae.

Lakini kata yangu iko mkononi mwa mtu. Wamempa Zubeda, mke mpya wa Hamisi, ana mtoto mchanga anamweka mgongoni akihudumia. Nilimkuta kisimani wiki hii, mtoto anakohoa, Zubeda akaniambia ni meno yanaota.

Kwa hiyo nawataja. Kibwana, uliyeogopa mvua kuliko kufa kwangu. Nyie mliopiga makofi na vibuyu mmeficha. Baba Asha, uliyekandika, wewe jibu lako nalipata kila siku mgongoni. Na wewe Ndugu Semkuyu, uliyesema neno. Usiniambie kikao. Kikao hakina mdomo, mdomo ulikuwa wako, na wote tuliusikia. Naomba mkutano wa kijiji uitishwe mchana, nje, pale uwanjani panapopita upepo, mahali ambapo nami naweza kusimama nikapumua mpaka mwisho. Usimame mbele yetu useme ni nani aliyeamua watu wafungiwe na moshi, na kwa nini bado wamefungiwa. Zubeda awepo, na mtoto wake awepo. Nitakuja mapema. Nitakaa mbele.